Hema Kando ya Kisima cha Kifo

Tulimzika Askofu Barasa shambani kwake Bahati, chini ya mahema meupe yaliyokodishwa mjini, na mvua ikawa na adabu ya kungoja mpaka tumalize. Waliosimama kumzungumzia walikuwa wengi. Walisema juu ya makanisa aliyoyaanzisha, juu ya mikutano iliyojaa mpaka watu wakapanda miti, juu ya sauti yake ambayo ikiingia sokoni hata wapimaji wa viazi husimamisha mizani. Yote hayo yalikuwa kweli. Mimi pia niliitwa, kwa kuwa nilikuwa miongoni mwa wachache waliomjua ujanani, nikasema maneno mawili matatu ya heshima kama yanayosemwa katika kila mazishi, nikarudi kuketi. Nilipoketi ndipo nilipojua kwamba sikusema nililokwenda kulisema. Halikuwa jambo la kusemwa kwenye maikrofoni, huku msimamizi wa programu akitazama mawingu na kuwakumbusha watu wawe wafupi. Lakini tuliokuwepo mwaka ule tumebaki wa kuhesabika, na Mama Felista, ambaye angelisimulia vizuri kuliko mimi, alitutangulia zamani. Basi naliandika hapa. Mwaka wenyewe ni ule uliofuata baada ya mimi kumaliza kidato cha nne. Kwa nini sikuwa kwetu, na nani alinituma Nakuru, hayo hayana kazi katika habari hii.

Niliishi kwa Mama Felista katika nyumba za reli, zile ambazo kila mtu mjini huziita landhi: safu mbili ndefu za vyumba, kila mlango ukitazama mlango mwingine, na bomba moja la maji ambapo habari zote zilianzia. Chumba chetu kiligawanywa na pazia la maua ya samawati. Upande mmoja kilikaa kitanda chake na sanduku la marehemu mumewe aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Upande wa pili meza, viti, jiko, na usiku godoro langu. Mama Felista alikuwa mwanamke mpana, mwenye asili ya kule magharibi, aliyeuza mboga za kienyeji sokoni na kurudi na zile zilizobaki kwenye kikapu. Kwa hiyo tulikula mrenda, tukala saga, tukala kunde, na siku za neema omena, dagaa wa ziwani, aliyekaangwa na nyanya mpaka akawa anavunjika kama vijiti. Ugali wake ulikuwa wa wimbi, mweusi, mzito, na sijawahi tena kula ulioushinda. Nikiulizwa leo ni wapi nilijifunza imani, watu hutarajia nitaje kanisa. Mimi nakumbuka meza ile na mafuta yake ya taa.

Jioni nyingi Barasa alikuja kula nasi. Wakati huo hakuwa askofu wala mchungaji; alikuwa Ndugu Barasa, kijana mrefu aliyefanya kazi katika kiwanda cha blanketi na kufika kwetu akiwa na manyoya ya sufu kwenye nywele. Alizungumza wakati wote kama mtu aliyesimama mbele ya umati. Hata akiomba chumvi, jirani wa ukuta wa pili alijua ameomba chumvi. Aliombea chakula kwa muda mrefu kiasi kwamba Mama Felista, akiwa ameinamia jiko, alimsemea amina ili tule. Nilimwogopa kidogo na kumstaajabia sana. Alikuwa na jambo ambalo mimi sikuwa nalo: aliweza kumsimamisha mtu yeyote barabarani, mwanajeshi, mlevi, mwalimu, na kumweleza kwamba Mungu anampenda, bila sauti kutetemeka. Mimi koo lilifunga. Tulipofanya mazoezi ya kushuhudia pale chumbani, yeye akijifanya mtu asiyeamini, nilifika kwenye salamu tu, kisha maneno yakaniishia.

Mazoezi hayo yalikuwa kwa ajili ya maonyesho ya kilimo, ambayo wote tuliyaita shoo. Kila mwaka baridi ya Julai ilipoingia, watu walishuka mjini kutoka kila upande wa Bonde la Ufa, kuona ng'ombe wa daraja la kwanza, trekta mpya, kabichi kubwa kama beseni, na wanafunzi wakiimba uwanjani. Kanisa letu dogo lilikuwa limeamua mwaka ule kuwa na hema ndani ya shoo. Usiku mmoja, nikiwa nimelala upande wangu wa pazia na wao wakidhani nimesinzia, nilimsikia Barasa akilalamika. Alikuwa ameomba nafasi karibu na uwanja mkuu, tukapewa kona ya mwisho kabisa, upande wa bembea na michezo, ubavuni mwa Kisima cha Kifo. Alisema ni shetani aliyeipanga nafasi hiyo. Mama Felista alikuwa akichambua mboga. Nilisikia mabua yakikatika. Akamuuliza kama samaki huvuliwa sokoni ama ziwani. Asubuhi nilijifanya sijasikia kitu.

Kisima cha Kifo kilikuwa pipa kubwa la mbao, refu kama nyumba ya ghorofa, limefungwa kwa nyaya na kuchorwa fuvu la kichwa mlangoni. Watu walipanda ngazi za nje, wakasimama kwenye ukingo wa juu na kutazama chini. Ndani, kijana mmoja aliwasha pikipiki, akazunguka sakafuni, akazunguka tena kwa kasi, mpaka gurudumu likaanza kupanda ukutani, na mwishowe akawa anazunguka amelala ubavu hewani, kichwa chake kikipita karibu na viatu vya watazamaji. Mbao zote zililia. Hema letu lilitetemeka, vikombe vikagongana kwenye sinia. Siku ya kwanza Barasa alijaribu kushindana na mngurumo ule kwa spika yetu, akashindwa vibaya. Waliokuwa wakimsikiliza waligeuka wote kwenda kutazama pikipiki. Siku ya pili aliamua kuyagawa mahubiri yake. Alihubiri pikipiki ilipopoa, ilipowaka akanyamaza na kunywa maji, kama mtu anayengoja treni ipite.

Mimi nilipewa kazi ya chai. Mama Felista hakunilaumu kwa koo langu. Alinikabidhi sufuria, jiko la makaa na benchi, akasema kwamba mtu aliyeshika kikombe cha moto hawezi kukimbia haraka. Chai ilikuwa ya bure, na kwa baridi ile watu walikuja. Wengine walikunywa na kuondoka. Mwanajeshi mmoja wa kambi ya Lanet alikaa na Barasa nyuma ya hema akalia kama mtoto, na hadi leo ni mzee wa kanisa. Mama mmoja aliyekuwa ametoka Gilgil na vitunguu vyake aliomba tu apumzishe miguu, na Mama Felista akazungumza naye alasiri nzima juu ya mume aliyemwacha, bila kufungua Biblia hata mara moja, kisha wakaomba wameshikana mikono. Nayaeleza haya kwa sababu siku hizi ni rahisi kuwacheka vijana wanaosimama na spika kwenye shoo. Wako wanaokera, najua. Lakini niliona kwa macho yangu watu wakiingia hema lile wamejikunja na kutoka wamenyooka kidogo.

Mwendesha pikipiki alikuja kunywa chai yetu kati ya mchezo na mchezo. Alikuwa na glavu zilizokatwa vidole na koti la ngozi lililopauka viwikoni. "Sasa, sista," alisema mara ya kwanza. "Hii chai ni ya waliookoka peke yao?" Nilimwambia ni ya kila mtu. Alisema vizuri, kwa kuwa yeye anaitwa Hamisi, nyumbani kwao ni mtaa wa Bondeni, babu yake alikuja na reli kutoka Pwani akiwa fundi cherehani, na wao ni Waislamu tangu asili, ili tusipotezeane wakati. Kisha akaketi, akanyoosha miguu kuelekea jiko. Barasa alimtazama kutoka jukwaani kama mkulima anavyotazama wingu. Lakini Hamisi hakutaka kuzungumza na Barasa. Alisema yule ndugu anamkumbusha pikipiki yake. Alikaa na mimi kwa sababu nilikuwa kimya.

Ilikuwa siku ya tatu au ya nne alipoinua uso kutoka kwenye kikombe na kuniuliza, "Wewe huyo Yesu wako unamwambianga nini?" Nilikuwa nimekariri majibu ya maswali mengi, na hilo halikuwemo. Nikamwambia ukweli: mara nyingi ninamwambia kwamba ninaogopa. Nilitarajia acheke. Aliangalia glavu zake. Akaniambia kwamba yeye husema bismillahi kila anapowasha, na alikuwa hajawahi kuogopa, lakini tangu shoo ianze mikono ilikuwa ikimtoka jasho mpaka glavu zinalowa. Injini aliiamini kwa kuwa aliitengeneza mwenyewe. Mbao ndizo hakuziamini. Zilikuwa zimenyeshewa huko zilikotoka, na baadhi zilikuwa zimelegea, na mwenye mchezo alimwambia avumilie mpaka Jumamosi, shoo iishe. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya kwanza na mtu nisiyemjua juu ya Mungu, na ukiyatazama utaona kwamba sikumhubiria kitu.

Nilimweleza Mama Felista. Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye pipa, akamwita Hamisi kando, akamwambia asipande tena. Hamisi alimjibu kwa heshima kwamba hiyo ndiyo kazi, mathe, na imebaki kidogo. Basi Mama Felista akamwomba ruhusa amwombee. Nilikuwa nyuma yao na birika. Hamisi alivua glavu, akaifungua mikono yake mbele ya kifua kama wanavyofanya kwao, na Mama Felista akaomba kwa sauti ya chini, huku viganja vile vikiwa wazi kana kwamba kuna kitu kitawekwa ndani yake. Wala hakuna aliyemuuliza mwenzake maswali zaidi.

Jumamosi alasiri uwanja ulijaa kuliko siku zote. Barasa alikuwa jukwaani, pikipiki ikawaka, akanyamaza na kufungua chupa yake ya maji. Tulisikia mngurumo ukipanda kama kawaida. Tukasikia ubao ukipasuka. Halafu kukawa kimya, kimya kile ambacho wiki nzima tulikuwa tumekiomba, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua la kufanya nacho. Barasa aliangusha maikrofoni. Sijawahi kumwona mtu akikimbia namna ile na suti. Alipenya kati ya watu waliokuwa wakishuka ngazi wakipiga kelele, akapita mlango mdogo wa chini, na baadaye akatoka yeye na wenzake wakiwa wamembeba Hamisi juu ya benchi letu la chai. Uso wake ulikuwa mzima. Mguu wa kulia haukuwa mguu wa kutazama. Gari lilipoondoka naye, Barasa alirudi hemani, damu kwenye shati, akaokota maikrofoni. Umati mzima ulikuwa umesimama pale, haujui uende wapi. Akawaambia kwamba kijana yule hatakufa, na kwamba atatembea tena kwa miguu yake miwili, kwa jina la Yesu. Watu wakaitikia amina mpaka hema likavuma. Niliitikia na mimi, kwa moyo wote.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya hospitali. Saa za kuwaona wagonjwa Mama Felista aliacha mboga zake kwa jirani, tukaenda na uji kwenye chupa ya chai. Wadi ya wanaume ilikuwa ndefu, vitanda vimebanana, na harufu ya dawa ilishinda hata ya chungwa ukilimenya. Kando ya kitanda cha Hamisi alikaa mama yake, Bi Rehema, mwanamke mwembamba ndani ya buibui, mwenye Kiswahili laini ambacho kilinifanya nione aibu kufungua kinywa changu. Siku za kwanza alitujibu salamu na kutazama dirishani. Alikuwa ameambiwa sisi ni akina nani. Kisha siku moja, Mama Felista akiwa tayari amemimina uji, Bi Rehema alimshika mkono.

"Mama, nataka nikuulize, na tafadhali usinifiche," alisema. "Mwanangu mnamtakia nini?"

Nilitazama sakafu. Nilijua majibu ya upole ambayo mtu angeweza kutoa. Mama Felista hakuyatoa.

"Namtakia Yesu, dada yangu," alisema. "Siwezi kukuficha. Lakini kwa leo namtakia anywe uji huu kabla haujapoa."

Bi Rehema alikusanya buibui lake, akasogea, akampa nafasi kwenye benchi. "Basi mpe uji," alisema. "Hilo jingine liko kwa Mungu."

Nimefanya kazi ya ualimu maisha yangu yote, nimehudhuria semina juu ya namna ya kuishi na watu wa dini nyingine, nimesikia wasomi wakieleza kwa ustadi. Sijasikia lililopita maneno yale ya wanawake wawili juu ya kikombe cha uji. Kila mmoja alijua mwenzake amesimama wapi, na kwa kuwa alijua, hakuhitaji tena kumlinda mtu wala kumnyemelea. Toka siku ile waligawana zamu. Bi Rehema alileta mahamri yaliyofungwa kwa kitambaa, akatuwekea yetu kando. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, Mama Felista ndiye aliyekaa na Hamisi saa za magharibi ili Bi Rehema awahi kufuturu na wenziwe, na jioni tulipika ugali wetu kwa kuchelewa, nami nikajua njaa ya mtu anayengoja.

Hamisi alichoka kulala. Aliniomba nimsimulie hadithi za Yesu, si za kumhubiria, alisema, za kupitisha wakati. Nikamsimulia. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, kwa kuwa alisikiliza kama fundi, akitaka kujua kila kitu kimeshikwa na nini. Nilipomweleza juu ya yule mgonjwa aliyeteremshwa kupitia paa na marafiki zake, aliinua mkono nisite kwanza. "Na ile paa," aliuliza, "nani aliirudishia?" Nilimwambia kitabu hakisemi. "Basi mwenye nyumba alilala nje siku hiyo," alisema, na Bi Rehema akacheka, akajiziba kwa pindo la buibui. Tangu hapo sijawahi kuisoma habari ile bila kumfikiria mwenye nyumba.

Barasa naye alikuja, na Barasa alikuja na gitaa. Aliomba mpaka muuguzi akamsihi apunguze sauti kwa ajili ya wengine. Alimwambia Hamisi aushike uponyaji wake, asiuachie. Hamisi alimvumilia, na baada ya yeye kuondoka aliniuliza kama yule ndugu ana kitufe cha kupunguzia. Lakini mguu haukushikika. Uliingia usaha, ukasafishwa, ukaingia tena. Daktari akamwita Bi Rehema kando, naye alipotoka aliketi kwenye benchi la ukumbini kati yangu na Mama Felista, mikono mapajani, akaeleza kwa sauti ileile laini kwamba wanataka kuukata chini ya goti, na wakichelewa, watampoteza mtoto mzima. Asubuhi ya upasuaji alimgeukia Mama Felista. "Omba," alisema. "Kwa njia yako. Na mimi nitaomba kwa yangu." Wakaomba hivyo, bega kwa bega, mmoja akinong'ona Kiswahili na mwingine Kiarabu, na mimi katikati ya sauti hizo sikuwa na maneno ya lugha yoyote.

Walimkata mguu. Alipona homa, rangi ikamrudia usoni, na kila aliyekuwa na macho angeweza kushukuru. Lakini kanisani watu walikuwa wamesikia ahadi nyingine. Walikuja bombani kuuliza, si kwa ubaya, ila kwa kuuliza: ule mguu aliotangaza Ndugu Barasa, imekuwaje? Barasa hakuwepo kuwajibu. Aliacha kuja kula kwetu. Jumapili alikaa benchi la nyuma, na wimbo ulipoisha hakuwa pale. Mama Felista aliendelea kumpakulia, akafunika sahani kwa sahani nyingine, na asubuhi tukakila kile chakula kimeganda. Hatimaye alinipa sahani hiyo mikononi, akaniambia nimpelekee nisirudi nayo.

Alikuwa amepanga chumba kimoja karibu na kiwanda. Nilimkuta ameketi kitandani mchana, suti yake ya kuhubiria imetundikwa msumarini mbele yake kama mtu mwingine aliyesimama. Spika ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa gunia. Kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikiwa ndogo. Alisema alikuwa ametamka uongo kwa jina la Mungu mbele ya watu wote wa Nakuru. Alisema hajui tena ni mara ngapi nyingine amefanya hivyo, akidhani ni Roho, kumbe ni yeye tu akipenda sauti yake. Nilikuwa msichana mdogo, na swali hilo lilikuwa langu pia. Nilikuwa nimeitikia amina ile. Usiku nilikuwa nikimuuliza Mungu kwa nini hakuitimiza ahadi iliyotolewa kwa jina lake, na sikusikia kitu ila treni za mizigo. Basi nilimwambia lile nililokuwa na hakika nalo, kwamba Hamisi alimuulizia. Alitaka kujua maneno yenyewe. Nikamwambia: ameuliza, yule ndugu wa spika yuko wapi, au naye amekatwa? Barasa alicheka kidogo huku akilia, akala ule ugali, tukaenda hospitali.

Pale wadini alisimama mwisho wa kitanda. Shuka lilikuwa limelala bapa upande mmoja, na nilimwona akilazimisha macho yake yatazame.

"Nilisema uongo juu ya mguu wako," alimwambia.

"Ndugu, wewe uliutangaza tu," Hamisi alisema. "Hukuukata." Akapiga kitanda kwa kiganja. "Kaa hapa. Na usiombe kwanza."

Barasa akaketi. Kulikuwa na ubao wa drafti uliochorwa kwenye kartoni, na vifuniko vya soda. Walicheza mpaka kengele ya kufukuza wageni ilipolia, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona akikaa na mtu muda mrefu namna ile bila kumwambia jambo lolote. Toka siku hiyo alikuja kila zamu yake ilipomruhusu. Gitaa alilisahau nyumbani.

Hamisi aliruhusiwa kwenda nyumbani mvua za vuli zilipokuwa zimeanza. Vichochoro vya Bondeni vilikuwa tope tupu, na magongo yake yalizama mpaka akaanguka mara ya kwanza tu alipojaribu. Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja. Tangu Julai alikuwa hajasali Ijumaa msikitini pamoja na wanaume wa mtaa wake. Bi Rehema alifikiria kuwaomba majirani, akaona haya kuwasumbua. Ijumaa iliyofuata Barasa alikuwa amebadilishana zamu kiwandani. Alikuja mlangoni, akageuza mgongo, akachuchumaa, akamwambia Hamisi apande.

Kanisani kulikuwa na manung'uniko, na lazima niyaeleze kwa haki, kwa kuwa waliomnung'unikia hawakuwa watu wabaya. Wazee walimwita, wakamuuliza ni ushuhuda gani huu, mhubiri wa Injili kumbeba mtu kumpeleka msikitini. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, nami nilikuwa nikifagia nje. Barasa aliwajibu kwa ile sauti yake mpya. Alisema alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba kijana yule atatembea kwa miguu miwili. Mungu hakumpa mingine. "Basi ni hii yangu," alisema. Mmoja wa wazee akasema wafunge mazungumzo kwa maombi, na jambo hilo halikuitiwa kikao tena.

Watu wakiisikia habari hii huniuliza kama mwishowe Hamisi aliokoka. Hapana. Alibaki katika dini ya mama yake, na ana duka la kutengeneza pikipiki upande wa Lanet, na wajukuu. Mguu wa bandia alioupata baadaye ameuchakaza akanunua mwingine. Alikuja Bahati mazishini, alifika mapema kuliko wengi wetu, akashika koleo zamu yake ilipofika. Hakuwa kwenye programu. Nilimuuliza kama angependa kusema neno, akatikisa kichwa. "Ningesema nini, sista? Wangengoja niseme niliokoka." Mimi mwenyewe ningali namtakia kile alichomtakia Mama Felista, na nimemwambia, na anajua. Lakini nilitoka mwaka ule bila lile koo lililofunga. Nimezungumza na watu wengi nisiowajua juu ya imani yangu tangu hapo, vyumbani, vituoni, darasani, na sijaogopa tena swali ambalo sikulikariri.

Ijumaa moja ya Desemba, wiki niliyokuwa nikijiandaa kwenda chuo cha ualimu, nilitumwa mjini nikapitia Bondeni. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Nje ya msikiti, chini ya ukingo wa paa, aliketi Barasa juu ya jiwe, kola ya koti imesimama, magongo ameyaegemeza ukutani kando yake. Mkononi alikuwa ameshika kiatu kimoja. Nilisimama karibu naye. Ndani walikuwa wakisali. Tulisikia sauti ya imamu, kisha ule mshindo mpole wa watu wengi wakisujudu pamoja. Nilingoja Barasa aseme kitu. Alikuwa akifuta tope kwenye kiatu kile kwa leso yake, taratibu, kisigino, ubavu, ulimi. Wanaume walipoanza kutoka walimsalimu kwa jina na kumpita, na mmoja akamwachia tende kwenye kiganja. Hamisi alitokea mlangoni akishika fremu, akirukaruka kwa mguu mmoja, anacheka jambo aliloambiwa na mtu nyuma yake. Barasa aliinuka, akaenda, akapiga magoti kwenye ngazi yenye maji, akaweka kiatu chini ya mguu ule, na Hamisi akamshika kichwa ili asianguke wakati anafungwa kamba.